Paxlovid au molnupiraviri kwa mama mwenye presha

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza ipi bora, Paxlovid au molnupiraviri, vidonge vya kupambana na virusi vya korona, kwa mama yako wa miaka 70, aliyepimwa jana akakutwa na UVIKO-19, na anakunywa amlodipini (ya presha) na simvastatini (ya kushusha kolesteroli, mafuta ya damu).

Kwa nguvu, Paxlovid iko mbele. Kwenye jaribio lake kwa watu wasiochanjwa walio hatarini, ilipunguza kulazwa na vifo kwa asilimia 89 hivi ilipoanzwa ndani ya siku 3 za dalili. Molnupiraviri, kwenye jaribio lake, ilipata kama asilimia 30. Zote hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku 5, na zianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili za kwanza, kwa hiyo usingoje Jumatatu.

Ila kwa mama yako kuna jambo zito. Ndani ya Paxlovid mna ritonaviri, inayozuia ini kuvunjavunja dawa nyingine. Simvastatini ikirundikana mwilini huharibu misuli, hata figo. Hazichanganywi kabisa, daktari huisimamisha kwanza. Amlodipini nayo huzidi nguvu, presha ikaweza kushuka mno. Figo zikiwa dhaifu, dozi ya Paxlovid hupunguzwa. Molnupiraviri haina migongano hiyo, ndiyo maana huwekwa kwa wasioweza Paxlovid (wajawazito hawashauriwi kuitumia).

Mpelekeni kwa daktari na makasha yote ya dawa zake, na za miti shamba pia, maana wazee wetu hawazitaji mpaka waulizwe. Akianza kuhema kwa shida, msisubiri vidonge: hospitali usiku huohuo. Mwenyezi Mungu amponye.