Usinunue video za madoido ya salsa kabla miguu yako haijaujua wimbo

Usilipie kozi hiyo. Umeeleza kwamba unaanza kujifunza salsa peke yako nyumbani, kwamba hujawahi kuicheza, na kwamba umebakiza hatua moja tu ulipie mkusanyiko wa video zenye madoido 50 ya miguu. Umeuliza pia uvae viatu gani, kama kioo ni cha lazima, uanze na mtindo wa Los Angeles au wa New York, na itakuchukua muda gani kabla ya kucheza mbele za watu. Nimelisoma swali lako nikashindwa kulipita, kwa sababu mkusanyiko wa namna hiyo hiyo ndio uliokula pesa zangu, na pesa zenyewe ndizo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mazoea uliyoyapandikiza miguuni mwangu, ambayo kuyang'oa kulikuwa kazi ngumu kuliko kujifunza upya.

Kanuni ninayokupa ni moja, na ninaomba uishike hata kama hutasoma aya nyingine yoyote: usiongeze mtindo wowote wa miguu mpaka uweze kucheza hatua ya msingi katika wimbo mzima, tangu unapoanza hadi unapokwisha, bila video mbele yako, bila sauti ya mtu kukuhesabia, na ukipotea katikati uweze kurudi mwenyewe kwenye 1, yaani pigo la kwanza la hesabu ya salsa, ambayo huenda 1 hadi 8 kisha ikaanza upya.

Kosa lenyewe linaanzia sikioni. Katika video hizo mwalimu anahesabu kwa sauti kubwa, moja mbili tatu, tano sita saba, huku muziki ukisikika kwa mbali nyuma yake, na mara nyingi ni wimbo uleule wa taratibu kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho. Mwanafunzi anaamini kwamba anacheza muziki, kumbe miguu yake inaitikia sauti ya mtu. Nilikuwa nimeshajua mitindo mingi kwa mpangilio wake, na niliweza kuicheza mmoja baada ya mwingine bila kusahau, lakini nilipoweka wimbo usiokuwa na mwalimu ndani yake sikujua pa kuanzia. Nilianza popote, na kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza, mguu uliopaswa kukanyaga kwenye 1 ulikuwa unakanyaga kwenye 3. Mtu anayeijua salsa, ambaye alikuwa akinitazama, aliniuliza kwa upole kabisa nasikiliza wimbo gani. Hakuwa ananidhihaki, alichokiona ni miguu na muziki vikienda kila kimoja njia yake, akadhani nina wimbo mwingine masikioni.

Sababu ya kupotea hivyo inaeleweka ukiusikiliza muziki wenyewe kwa makini, na hakuna somo hata moja katika kozi ile lililoigusa. Wengi wetu tumezoea muziki ambao besi inatua kwa nguvu kwenye pigo la kwanza, hivyo sikio linaikimbilia besi ili kujua tulipo. Katika salsa besi mara nyingi hufanya kinyume katika kila kundi la mapigo manne: hupiga baada kidogo ya pigo la pili, kisha hupiga kwenye la nne, na sauti hiyo ya nne huachwa ivute hadi ipite juu ya pigo la kwanza linalofuata, ambalo lenyewe halipigwi. Anayeitafuta 1 kwenye besi anatafuta mahali ambapo pameachwa wazi kwa makusudi. Mahali pa kusikiliza ni kwenye konga, zile ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja. Katika mdundo wake wa kawaida mpigaji hupiga kofi kavu, kali, kwenye 2 na kwenye 6, halafu hutoa sauti mbili za wazi zinazofuatana upesi, ya kwanza ikitua kwenye 4 au kwenye 8 na ya pili nusu pigo baadaye. Sauti hizo mbili ndizo mlango. Mara tu baada yake inakuja 1 au 5, na ukishazitambua utazisikia katika nyimbo nyingi mno, hata zile ambazo tarumbeta zimefunika kila kitu. Wimbo unapofika kwenye kiitikio, pale kundi linapojibizana na mwimbaji, kengele kubwa ya mkono huingia na kusisitiza 1, 3, 5 na 7, na hapo hata sikio changa hupata pa kushika.

Nimeandika kirefu kuhusu sikio, lakini kosa lina upande wa pili, na huu ndio ulionigharimu zaidi. Video inaonyesha mahali mguu unapotua. Haionyeshi uzito wa mwili uko wapi. Katika hatua ya msingi unayoanza nayo, mguu wa kushoto unakwenda mbele kwenye 1, wa kulia unakanyaga palepale ulipo kwenye 2, wa kushoto unarudi katikati kwenye 3, na kwenye 4 hukanyagi. Kisha wa kulia unakwenda nyuma kwenye 5, wa kushoto unakanyaga palepale kwenye 6, wa kulia unarudi katikati kwenye 7, na kwenye 8 hukanyagi. Ukitazama tu, utaona miguu inayogusa sakafu, nawe utaigusisha yako vivyo hivyo. Lakini kila moja ya hatua hizo sita inadai uzito wote uhame kwenda kwenye mguu unaokanyaga, kiasi kwamba mguu wa pili ungeweza kuinuliwa wakati wowote bila wewe kuyumba. Asiyehamisha uzito hubaki amesimama kwa miguu yote miwili, na pigo linalofuata linapofika hana mguu ulio huru wa kulipokea, kwa hiyo anachelewa, au anaruka, au anakanyaga kwa mguu usio wake.

Jipime hivi. Simama, kanyaga mbele kwa kushoto kwenye 1, kisha ganda hapohapo na uinue mguu wa kulia kutoka sakafuni. Ukilazimika kwanza kuusogeza mwili ndipo mguu uinuke, uzito haukuhama. Fanya hivyo kwenye 2, kwenye 3, na katika kila hatua mpaka uwe na uhakika nazo zote. Kagua hasa hatua ya 3 na ya 7, kwa sababu mguu unaporudi katikati, wanaoanza hukanyaga nusu tu. Lile pigo la 4 ambalo hukanyagi lina kazi yake: ni muda wa uzito kutulia kabisa kwenye mguu wa kushoto ili wa kulia uwe tayari kwa 5. Video nilizonunua zilinifundisha kuligusia kwa ncha ya kidole kwa sababu linapendeza kwa macho, na ule mguso ukawa ndio chanzo cha mimi kuwahi mbele ya wimbo kila wakati. Hata kiuno, ambacho wanaoanza hukichezesha kwa nguvu wakidhani ndicho salsa, hutokana na uzito huo huo: goti la mguu unaopokea mwili hunyooka, la pili hupinda, na nyonga inafuata yenyewe. Uzito usipohama, kiuno unachokiongeza juu yake kinaonekana kuwa kimebandikwa.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji wa kozi hizi. Wengi wao ni wachezaji wazuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa haiwezekani mchezaji wa kiwango kile asijue kwamba mwanafunzi asiyesikia 1 hana kitu. Wanajua. Wanajua pia kwamba hatua ya msingi haivutii mnunuzi, na kwamba mtindo mpya kila somo humfanya mtu ajione anapiga hatua. Kwa hiyo wanamuuzia asiyejua jambo linaloonekana na kulificha lile linalosikika, halafu akikwama wanamwambia kwamba kiwango cha pili cha kozi kitamkwamua. Wapo pia wale wanaomwambia kila anayeanza kwamba acheze tu, atazoea. Atazoea, ndiyo, na atakachokizoea ni kukanyaga nje ya wimbo.

Kuhusu kioo, si cha lazima, na katika wiki za mwanzo ningekuomba ukipe mgongo. Anayejitazama huinamisha kichwa kufuata miguu yake, na macho yakishashika kazi, sikio linastarehe. Kifae baadaye, kukagua mabega na mikono. Ukiwa na video ya kuigiza, chagua ile ambayo mwalimu amekupa mgongo, kwa sababu akikutazama mguu wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, na ubongo unaogeuza upande hauna nafasi ya kusikiliza.

Kuhusu mtindo wa Los Angeles au wa New York, chagua wowote. Ule wa Los Angeles hubadilisha mwelekeo kwenye 1 na 5, ule wa New York ambao mwalimu wa dansi Eddie Torres aliufundisha kwa miaka mingi hubadilisha kwenye 2 na 6, na katika yote miwili unakanyaga kwenye 1, 2, 3 kisha 5, 6, 7. Uzito ni uleule, sikio ni lilelile. Anayekwambia kwamba uchaguzi huu ndio utakaoamua mafanikio yako anakupotezea muda.

Fanya hivi badala ya kulipia. Chagua nyimbo chache zenye kasi ya mapigo 150 hadi 160 kwa dakika, ambazo konga inasikika vizuri. Keti kwanza, usisimame, na upige kofi kwenye 1 tu, wimbo mzima. Ukikosea, nyamaza, zisubiri zile sauti mbili za konga, kisha uingie tena. Ukishaweza kuketi hivyo bila kupotea, simama na uhamishe uzito papo hapo bila kwenda mbele wala nyuma, kushoto kulia kushoto, kulia kushoto kulia, ukitulia kwenye 4 na 8. Mwisho ndipo uifungue hatua iende mbele na nyuma, na iwe fupi, isizidi urefu wa unyayo wako, kwa maana hatua ndefu ndiyo inayochelewesha kurudi katikati.

Usidhani kwamba wimbo mmoja ni mazoezi machache. Kwa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, kila pigo lina theluthi moja ya sekunde, na wimbo wa dakika 4 unakupa hatua ya msingi kamili mara 90. Hizo ni nafasi 90 za kuitafuta 1 na kuipata. Ongeza kasi kwa kubadilisha wimbo, usiharakishe uleule kwa mashine, ili sikio lijifunze kuitafuta konga katika vikundi tofauti, ambapo piano, tarumbeta na sauti za waimbaji hazikai mahali pamoja.

Utakapofika hapo, nyongeza ya kwanza iwe hatua ya msingi ya kwenda pembeni, kwa kuwa hesabu na uzito wake ni vilevile na mwelekeo tu ndio unaobadilika. Ya pili iwe kugeuka mzunguko mmoja kulia. Kila unapoongeza kitu, kicheze mara moja, kisha urudi kwenye hatua ya msingi na usikilize kama bado unakanyaga 1 pale konga inapokufungulia. Kama hukanyagi hapo, kitoe.