Peroksisomu haina DNA yake, sasa seli huipata vipi?

Mdogo wangu wa Wete umeuliza peroksisomu, kile kifuko kidogo chenye vimeng'enya ndani ya seli, hutengenezwa vipi ikiwa haina DNA, na protini ya PEX3 ina tofauti gani na ya PEX5. Nasomesha bayolojia skuli moja hapa Unguja, na wanafunzi wangu hukwama hapo hapo.

Mimi huanzia sokoni Darajani. Nanunua kipande cha maini ya ng'ombe, tunakitia kwenye hidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, na povu linafura papo hapo. Hiyo ni kazi ya katalesi, kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Kwenye ini zima, katalesi hukaa ndani ya peroksisomu, lakini haitengenezwi humo. Ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, huitengeneza nje, kwenye saitoplazimu (ute wa seli), kisha ndiyo iingizwe.

Kabla ya kuingiza kitu, lazima utando uwepo. PEX19 huzidaka protini za utando zikiwa mpya, maana hazipatani na maji na zikiachwa hugandana ovyo. Huzipeleka kwa PEX3 iliyomo kwenye utando, zikashikana, na protini ikachomekwa mahala pake. Seli ikikosa PEX3 au PEX19 haina peroksisomu kabisa, hata ganda tupu la utando. Linalonistaajabisha mimi ni kuwa ukiirudishia jeni iliyokosekana, peroksisomu huzuka upya! Utafiti wa 2017 kwenye seli za binadamu ulionesha vifuko vya mwanzo hutoka kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli) na pia kwenye mitokondria (vyumba vya nishati vya seli). Zikishakuwepo, nyengine hupatikana kwa kurefuka na kukatika, PEX11 ikisaidia.

PEX5 ni hamali, kama wale wa bandarini Malindi. Huutambua mzigo, yaani protini ya kuingizwa ndani, kwa alama ya mkiani mwake, mara nyingi asidi amino tatu: serini, laisini na lusini. (Alama hii ilijulikana miaka ya 1980 kupitia kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake.) Hamali hushikana na PEX14 na PEX13 mlangoni, akaupitisha mzigo ukiwa umeshakunjwa, wakati mitokondria hutaka protini ikunjuliwe kwanza. Kisha PEX2, PEX10 na PEX12 humpiga chapa ya yubikwitini (protini ndogo ya alama), na PEX1 na PEX6 humvuta nje kwa nguvu ya ATP, akachukue mzigo mwengine.

PEX1 ikiharibika, ganda lipo lakini karibu tupu. Hitilafu hiyo ndiyo inayoonekana zaidi kwa watoto wenye magonjwa ya kurithi ya kundi la Zellweger. Asidi za mafuta zenye minyororo mirefu sana hulimbikizana, ini na ubongo huathirika, na wenye hali kali wengi hawatimizi mwaka.

Na hapo ndipo jaribio langu la maini linapogota. Katika seli za watoto hao katalesi ipo, imebaki nje tu, kwa hiyo povu lingetoka vile vile. Ili kuona katalesi iko wapi, maabara kubwa hutumia kingamwili zenye rangi inayong'aa zinazoishika. Seli yenye afya huonesha nukta nukta, ya mgonjwa rangi hutapakaa kote. Skuli yangu haina darubini ya namna hiyo, lakini picha zake zimejaa mtandaoni. Zitazame kabla hujaurudia mchoro wa kitabu chako.