Mtoto akiungua kimbilia ndoo, achana na dawa ya meno

Hii naandika kwa sababu mi mwenyewe nilikosea. Mtoto wa dada yangu, alikuwa na mwaka na nusu hivi, alivuta kitambaa cha meza kikaja na kikombe cha chai ya moto, ikammwagikia kifuani na mkono wa kulia. Nyumba za kupanga si mnazijua, dakika moja tu uwanja umejaa, huyu kaja na dawa ya meno, yule anapasua yai, mwingine anaita unga wa ngano. Nikapaka dawa ya meno, tena nyingi. Kufika hospitali nesi wala hakunigombeza, alichukua gozi na maji ya dripu akaanza kuibandua ile dawa ilokaukia kwenye ngozi iliyochubuka, kidogo kidogo, na mtoto alivyolia pale hata wakati anaungua hakulia vile.

Kumbe dawa ni maji. Ya bomba au ya ndoo, ya kawaida, yatiririke juu ya palipoungua dakika 20. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Na dakika 20 ni ndefu jamani, mwaka jana mafuta ya maandazi yalinirukia mkononi nikakaa najimwagia kwa jagi huku naangalia saa ya simu, dakika ya saba nikaona nimepona nikaacha, moto ukarudi palepale, ikabidi niendelee mpaka zikaisha. Hata ukichelewa, ndani ya masaa matatu bado yanasaidia.

Huku unamwagia, vua nguo, pete, bangili, na kwa watoto zile shanga za kiunoni, maana panavimba haraka, nepi nayo toa inatunza maji ya moto. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache hivyohivyo. Sehemu nyingine za mwili mfunike, watoto wanapoa upesi mno. Ukimaliza funika kidonda na khanga safi au ile nailoni ya kufungia chakula, pamba usiweke itaganda, na malengelenge usipasue.

Kupima ukubwa, kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Chake yeye, sio chako, hapo wengi tunachemka. Mtoto akifika viganja 10, mtu mzima 15, huyo anahitaji dripu. Ila kwa mtoto mdogo mi siku hizi likizidi kiganja kimoja tu naita bajaji. Uso, mikono, nyayo, kwenye viungo, sehemu za siri, nenda hata kama ni padogo. Alopigwa na umeme zima kwanza swichi kubwa ndo umguse, na alovuta moshi sauti ikaanza kukwaruza usimsubirishe hata kidogo.

Kinachodanganya watu ni maumivu. Pekundu penye malengelenge panauma balaa, lakini pakiwa peupe kama nta au peusi, pakavu, ukipagusa hasikii, watu wanasema afadhali. Afadhali wapi, moto umeshakula mpaka mishipa ya fahamu! Na mkifika ulizieni sindano ya pepopunda.

Yule jirani wa mayai siku hizi ndo wa kwanza kukimbilia ndoo, ila kila mara ananiuliza tena, kwani hata asali?

Hata asali, mama. Kwanza maji.