Waya wa shaba unakakamaa: nifanyeje?

SWALI: Natengeneza bangili za waya wa shaba hapa Sakina. Waya ukiwa mpya unakunjika vizuri, ila nikishaugonga na kuukunja mara kadhaa unakakamaa, mwisho unakatika. Mwenzangu ananiambia niuchome hadi uwe mwekundu, kisha niutumbukize majini. Mbona chuma ukikifanyia hivyo kinazidi kuwa kigumu?
Fundi bangili, Arusha

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Unalosema wewe nalo ni kweli, ila ni la chuma cha pua (chuma chenye kaboni), si la shaba.

Atomu za shaba zimejipanga safu juu ya safu, na elektroni zao za nje hazina mwenyewe: zinatembea kote, nazo ndizo gundi. Safu moja ikiteleza juu ya nyingine, gundi bado ipo, ndiyo maana waya unakunjika. Gonga punje ya chumvi ya mawe uone tofauti, inapasuka papo hapo. Humo ayoni (atomu zenye chaji) chanya na hasi zimepishana. Safu ikisogea hatua moja tu, chanya inakutana na chanya, zinasukumana.

Lakini safu haitelezi yote kwa mpigo. Inateleza kupitia kasoro ndogo za mpangilio, na kila ukikunja kasoro zinaongezeka, hadi zinazuiana kama daladala zilizokutana uchochoroni. Hapo ndipo waya unapokakamaa. Moto unazipa atomu nafasi ya kujipanga upya.

Kama waya wako umevikwa plastiki, imenye kwa kisu, usiichome. Moshi wake una tindikali inayounguza mapafu. Washa jiko la mkaa kivulini, kwa sababu juani wekundu hafifu hauonekani na utapitiliza. Waya ukianza tu kuwa mwekundu wa kufifia, kama nyuzijoto 600, utoe. Ukiuacha hadi rangi ya machungwa, chembe zake, yaani vikundi vya atomu zilizojipanga pamoja, zinakua, na ukiukunja uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Shaba yenyewe inayeyuka kwenye 1,085.

Maji ni ya kupooza haraka na kubandua ule weusi unaoachwa na moto. Hata ukiuacha upoe wenyewe utalainika. Weusi uliobaki uloweke kwenye siki yenye chumvi kidogo. Usitumie koleo la chuma humo, litapakwa shaba. Waya wa brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) usubiri wekundu uishe kabla ya maji, la sivyo unaweza kupasuka. Waya wa fensi uliopakwa zinki usiuchome kabisa: mvuke wake unaleta homa.

Na chuma cha pua? Kikiwa chekundu sana, kaboni inayeyuka ndani yake. Ukikipoza ghafla inanaswa humo na kuzuia safu zisiteleze. Shaba haina kaboni ya kunaswa.

SWALI: Kwa nini sodiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 98 na magnesiamu 650, wakati ni jirani kwenye jedwali la elementi?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Moshi

JIBU: Atomu ya sodiamu inatoa elektroni moja, ya magnesiamu mbili, ayoni yake ni ndogo zaidi na ina chaji mara mbili, basi inavutana na elektroni hizo kwa nguvu zaidi. Ila usiikariri kanuni hiyo kibubusa. Aluminiamu inatoa tatu, na bado inayeyuka kwenye 660 tu. Kuyeyuka kunalegeza tu gundi ya elektroni; kuchemka ndiko kunakoikata. Linganisha nyuzijoto za kuchemka: sodiamu 883, magnesiamu 1,090, aluminiamu karibu 2,500.