Nyuki na mwili wako: kwa mnaoanza S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, mwaka huu

Muhula wa kwanza ukifika, jioni huwa nakaa na madaftari mliyotoka nayo shule ya msingi. Karibu kila moja lina nyuki aliyechorwa kwa uangalifu: kichwa, kifua, tumbo, miguu sita, mishale kila upande. Ukifunua kurasa chache unakuta moyo wa binadamu na vyumba vyake vinne, upande mmoja rangi nyekundu, upande wa pili bluu. Mmevikariri vyote na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mmeifaulu. Lakini siku ya kwanza darasani nikiuliza kama nyuki ana damu, na kama anayo inafanya kazi gani, kimya kinatanda.

Wanangu, mada ya nyuki na mada ya mwili wa binadamu mmezisoma kama majirani wasiosalimiana. Zikutanisheni. Ukijifunza jambo kuhusu mwili wako, uliza nyuki yeye anafanyaje. Ukisimama karibu na mzinga, uliza mwili wako. Kwa miaka yote niliyofundisha hapa Arua, Uganda, anayelinganisha ndiye anayekumbuka.

Tuanze na joto, maana Februari yetu mnaijua. Mmewaona nyuki wamejaa kwenye matope ya kisima cha pampu, na watoto wanawapiga kwa kandambili wakidhani wamekuja kuuma. Wamekuja kuteka maji. Katikati ya mzinga, pale walipo majana, yaani watoto wa nyuki, joto linatakiwa liwe nyuzi 34 au 35 hivi. Likizidi, majana yanakufa. Kwa hiyo nyuki wanasambaza matone ya maji juu ya masega, wengine wanapepea kwa mabawa, maji yanakauka na kuondoka na joto. Sasa jitazame wewe ukitoka kucheza mpira: jasho linakauka kwenye ngozi na unapoa. Ni kanuni ile ile. Na usiku wa baridi? Nyuki wanakaza na kulegeza misuli ya kurukia bila kuyachezesha mabawa, na misuli hiyo inatoa joto. Wewe pia, malaria inapokushika, unatetemeka hadi kitanda kinalia. Ubongo umeamua joto lipande, na misuli inatumwa kulitengeneza.

Sasa damu. Nyuki anayo, lakini haina rangi nyekundu. Ni majimaji yanayokaribia kuwa maangavu, na hayapiti kwenye mishipa midogo kama ya kwetu. Yanaogelea tu ndani ya mwili, yakisukumwa na moyo mrefu kama mrija uliolala mgongoni. Kazi yake ni kubeba chakula na kinga. Oksijeni haibebi. Mkaribie nyuki aliyetulia juu ya sega, umtazame tumbo: linanywea na kurefuka, linanywea na kurefuka. Hapo anapumua. Hewa inaingia kwa matundu madogo ubavuni na kupita kwenye mirija inayogawanyika mpaka ifike kwenye misuli yenyewe. Ndiyo maana hahitaji himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, na ndiyo maana damu yake si nyekundu. Kwetu sisi oksijeni husafiri ndani ya chembe nyekundu, na kila chembe huishi takriban siku 120. Vimelea vya malaria huzipasua chembe hizo, na ndiyo sababu mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara anakuwa mweupe viganjani na anahema akipanda kilima kidogo. Ukilielewa hili hutahitaji kukariri maana ya upungufu wa damu.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la nyuki dume. Dume hana baba, lakini ana babu. Msicheke kwanza, fikirini. Malkia akitaga yai lililorutubishwa, anatoka jike: mfanyakazi, au malkia kama atalishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho wa ubuu wake. Akitaga yai lisilorutubishwa, anatoka dume. Padri mmoja wa Silesia, huko Ulaya ya kati, Johann Dzierzon, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1845. Kwa hiyo dume ana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, 16, zote za mama, na jike ana 32. Mama wa dume, kwa kuwa ni jike, alikuwa na baba. Huyo ndiye babu. Chora ukoo wa dume kwa kurudi nyuma na uhesabu wazee wa kila kizazi: 1, 2, 3, 5, 8. Mpelekee mwalimu wa hesabu, mwulize namba hizo zina tabia gani.

Kisha njoo kwa binadamu. Sisi tuna kromosomu 46, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kromosomu mbili kati ya hizo, X na Y, ndizo za jinsia. Yai la mama daima lina X. Mbegu ya baba ina X au Y, na hiyo ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Hapa nawaomba mtulie. Katika vijiji vyetu wapo akina mama wanaosimangwa, hata kufukuzwa, kwa sababu wamezaa mabinti watupu. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kikao cha familia ambapo jambo hilo lilisemwa mbele ya mama mwenyewe, naye akainamisha kichwa. Nililieleza kwa heshima, kama mnavyoweza kulieleza ninyi. Hata baba hachagui, lakini kumlaumu mama ni kutojua biolojia ya S.1.

Kuhusu asali nitakuwa mfupi. Nyuki huleta mbochi, maji matamu ya maua, na kwa vimeng'enya vyake anaivunja sukari yake kuwa glukosi na fruktosi. Utumbo wako mwembamba hufanya kazi hiyo hiyo kwa sukari ya miwa unayotia kwenye chai. Kisha wanapunguza maji mpaka yabaki chini ya asilimia 20 hivi, ndipo wanaziba kwa nta. Kwa ukavu huo na uchachu wake, vijidudu haviwezi kuzaliana ndani yake. Lakini baadhi vinaweza kulala humo kama mbegu. Tumbo lako linavimudu. La mtoto mchanga bado, vinaweza kuamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kidogo. Waambieni nyumbani.

Na mwiba. Mwiba wa nyuki una vijino kama vya ndoana, unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na misuli ya kifuko inaendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba ni marufuku kuushika kwa vidole, lazima utafute kitu cha kukwangua. Siku moja kijana aliumwa shingoni, akasimama akingoja nimtafutie kipande cha plastiki, na shingo ikavimba mbele yangu. Nilikosea. Sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya nusu dakika ya kwanza. Utoe mara moja, kwa kucha, kwa kidole, kwa chochote kilicho karibu. Kuvimba mahali palipoumwa ni kawaida. Lakini mwenzako akivimba midomo au ulimi, akatokwa na vipele mwili mzima, akahema kwa shida au akaishiwa nguvu, usipake kitunguu, usingoje: bodaboda, kituo cha afya, mkawaambie ameumwa na nyuki. Anahitaji sindano ya adrenalini.

Jumamosi tutafungua mzinga wa tatu, ule ulio chini ya mwembe, saa kumi na mbili jioni. Njooni na suruali ndefu na nguo za rangi nyeupe, maana nyeusi huwachokoza. Msile ndizi mbivu siku hiyo: harufu ambayo nyuki huitoa kuwaita wenzake kwenye vita inafanana sana na ya ndizi mbivu. Moshi tutakaopuliza huifunika harufu hiyo, ndiyo kazi yake. Atakayenionyesha dume kwenye sega kabla sijamnyooshea kidole, na akanitajia namba ya kromosomu zake, ndiye atakayeshika bomba la moshi.