Re: Nichukue Art kidato cha tatu au baba ana haki kusema ni kupoteza muda?

Mdogo wangu, umesema unapenda kuchora ila baba anaogopa, na marafiki wanakwambia Art ni somo la kupumzika. Hao marafiki wamekudanganya kabisa. Mimi nililifanya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni pepa tatu: ya kwanza nadharia, ya pili unachora au kupaka rangi siku ya mtihani, ya tatu ni projekti unayofanya kwa wiki kadhaa, na hiyo projekti ndiyo inakula muda, kuna usiku nilikuwa bado nachemsha nta ya batiki wenzangu wako kwa hesabu.

Kabla hujaamua jaribu hivi, chukua sufuria ya jikoni uiweke karibu na dirisha uichore kwa penseli laini za kuchorea, 2B na 6B, lakini angalia mdomo wake vizuri, ukiuchora duara kama sarafu itaonekana imeanguka, lazima uwe bapa kidogo, halafu kivuli kianze polepole upande usio na mwanga. Fanya hivyo kila jioni wiki mbili. Kama bado una hamu baada ya hapo, chukua.

Baba naye usibishane naye, mwonyeshe kozi. Chuo Kikuu cha Kenyatta wanafundisha sanaa na ubunifu, Chuo Kikuu cha Nairobi kuna ubunifu na usanifu majengo, japo hiyo ya majengo inataka pia hesabu na fizikia, kwa hivyo fizikia usiiache ovyo. Na uliza mwalimu mapema vifaa vinanunuliwa na nani, rangi ni ghali jamani.