Priorat kwa baiskeli: majibu kwa barua zenu

Mara iliyopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba barabara tulivu kuliko zote nilizoendesha baiskeli Hispania ziko Priorat, wilaya ndogo ya mizabibu huko Katalunya, nyuma ya mji wa Reus. Nikadhani maneno yameishia hapo. Barua zimekuja hadi nimeshindwa kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo safu nzima ni yenu.

Hispania imejaa watalii kila kona. Iweje huko barabara ziwe tupu? – Msomaji, Nairobi

Milima ndiyo inayozilinda. Kaskazini ya wilaya kuna ukuta wa mawe uitwao Montsant, kilele chake mita 1,163, na chini yake ardhi imekunjamana kama shuka lililolaliwa. Magari yenye haraka hushika barabara kuu ya N-420 inayotoka Reus kupitia Falset kwenda bonde la mto Ebro. Vijiji vilivyo nyuma yake, Gratallops, Torroja, Porrera, Poboleda na Vilella mbili, vimeunganishwa na barabara nyembamba zinazopinda kufuata mlima. Hakuna anayezipita kwa njia ya mkato, maana hazikati popote. Anayepita anakwenda shambani kwake au nyumbani kwake.

Historia nayo imechangia. Watawa wa Kikartusi walianzisha monasteri ya Scala Dei, yaani Ngazi ya Mungu, mwaka 1194, na jina Priorat linatokana na "prior", mkuu wa watawa hao aliyeitawala nchi hii. Mwaka 1835 serikali ikataifisha mali za monasteri, watawa wakaondoka, majengo yakabaki magofu. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo kikaja kidudu cha filoksera kikatafuna mizizi ya mizabibu, watu wakahama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo watengeneza mvinyo wachache, René Barbier na Álvaro Palacios wakiwamo, walipojikusanya Gratallops na kufufua miteremko iliyoachwa. Leo mvinyo wa hapa ni ghali. Katika Hispania yote ni Rioja na Priorat tu zilizopewa daraja la juu kabisa la asili ya mvinyo. Sifa zimerudi, lakini wakazi hawakurudi kwa wingi. Faida yake anaipata mwenye baiskeli.

Nipe njia moja tu, nisihangaike na ramani. – Kijana wa Moshi

Anzia Falset. Nenda Gratallops, shuka Vilella Baixa, panda Vilella Alta, kisha Escaladei, kijiji cha ile monasteri ya Scala Dei, chini kabisa ya ukuta wa Montsant. Kunja kwenda Poboleda, halafu Torroja, Porrera, urudi Falset. Ni kilomita hamsini hivi.

Najua unavyowaza: hamsini si kitu, mimi napiga mia kila Jumapili. Mdogo wangu, hapa kilomita ni uongo. Karibu kila kijiji kimekaa juu ya kilima na kila bonde lina kijito, kwa hiyo unashuka hadi majini, unapanda hadi kanisani, unashuka tena. Hesabu vilima, usihesabu kilomita. Mimi nilitoka Falset saa mbili asubuhi nikiamini nitakula chakula cha mchana nyumbani. Saa tisa alasiri nilikuwa bado Torroja, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu, nakula mkate mkavu.

Gia ni jambo la kwanza la kuuliza dukani. Mbele meno 34, nyuma 32 au hata 34. Fundi akikwambia 28 zinatosha, mwombe aje muende pamoja.

Ukifika Vilella Baixa, simama darajani uitazame. Nyumba zimepandiana ubavuni mwa mlima, ndefu na nyembamba, hadi wenyeji wenyewe wanakiita kijiji hicho New York ya Priorat. Kina watu wachache mno kwa jina kubwa kiasi hicho.

Ukiwa bado na nguvu pale Escaladei, kuna barabara ya kona kali inayopanda La Morera de Montsant, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Utarudi kwa njia ile ile. Huko juu ndipo utakapoona mashamba yote kwa pamoja, ngazi juu ya ngazi, na vipande vya mwamba mweusi vikimetameta juani. Mwamba huo wanauita llicorella. Unapasuka kama vigae, unashika joto la mchana, na mizizi hupenya katika nyufa zake kutafuta maji chini sana.

Mimi nimezoea kushoto. Nitachanganyikiwa? – Dada wa Mombasa

Siku ya kwanza, ndiyo. Hispania wanapita kulia. Barabarani penye magari hutasahau, maana magari yatakukumbusha. Hatari iko pale pale palipo tulivu: umesimama kupiga picha, hakuna mtu, unaondoka, na mazoea yanakurudisha kushoto. Kona inayofuata kuna trekta.

La pili ni breki. Kwetu baiskeli nyingi zina breki ya mbele mkono wa kulia. Za kukodi huko kwa kawaida ni kinyume. Nilijifunza hilo kwenye mteremko wa kwanza, na gurudumu la nyuma likainuka. Kabla hujatoka dukani, zungushia kwenye maegesho dakika tano, ukizibana moja moja.

Kofia ngumu ni lazima kisheria nje ya miji. Dereva anayekupita anatakiwa akuachie mita moja na nusu, na kwa kweli wengi huzitimiza, tena husubiri nyuma yako hadi kona iishe bila kupiga honi. Mara ya kwanza nilidhani ananifuata kwa ubaya. Mnaweza kuendesha wawili sambamba, si watatu.

Naweza kuonja mvinyo kila kijiji? – Msomaji, Kampala

Unaweza kuonja na kutema. Hata waonjaji wa kazi hutema, si utovu wa adabu, na ndoo huwekwa kwa ajili hiyo. Ukimeza, jua kwamba sheria ya pombe barabarani inakuhusu wewe sawasawa na mwenye gari: polisi anaweza kukusimamisha upulize kipimo, na faini huanzia euro 500. Mvinyo wa hapa ni mzito, wengi una kilevi cha asilimia 14 na zaidi, na kila kijiji unachotoka kina mteremko. Nunua chupa, uliza kama wanaweza kuituma hotelini, unywe jioni ukiwa umevua viatu.

Assalamu alaikum. Sinywi. Je, kuna sababu ya mtu kama mimi kwenda? – Msomaji wa Muscat, asili ya Unguja

Wa alaikumu ssalam. Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na sababu zako pengine ni nyingi kuliko za wanywaji.

Kwanza nenda Siurana, kijiji kilicho juu ya jabali, unapandia kutoka Cornudella. Barabara haina pa kutokea: ikifika juu imekwisha, kwa hiyo magari ya kupita hakuna. Hii ilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu katika Katalunya, ikaanguka katikati ya karne ya 12. Wenyeji wanasimulia kwamba malkia wa ngome hakukubali kukamatwa. Akampanda farasi wake akaruka naye gengeni, na alama ya kwato imebaki kwenye mwamba ukingoni. Utaonyeshwa. Mimi niliona tundu kwenye jiwe, lakini nilisogea nyuma hatua mbili nilipochungulia chini.

Pili, mafuta. Mafuta ya zeituni ya eneo hili yanauzwa kwa jina la Siurana lenyewe, yanakamuliwa kutoka zeituni ndogo ziitwazo arbequina. Wakatalani wanayaita "oli", lakini ukivuka kwenye Kihispania zeituni ni "aceituna", na sukari ni "azúcar". Huhitaji mkalimani kujua maneno hayo yametoka wapi. Kwa kutafuna, kuna hazelnati za Reus, zile mnazoziita bunduq huko Muscat. Jaza mfuko wa jezi.

Na mifuko ile ya kuning'iniza pande mbili za baiskeli, Wahispania wanaiita "alforjas", Kiarabu kingine hicho. Bibi zetu wangeitambua mara moja: ni shogi ya punda, basi.

Sisi Dodoma tuna zabibu. Za huko zina tofauti gani? – Mkulima wa Hombolo

Kwenu mnavuna mara mbili kwa mwaka. Wao mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Kwenu shamba ni tambarare. Kule kuna miteremko ambayo trekta haliingii, wanavuna kwa mikono na wengine bado wanalima kwa nyumbu. Mizabibu mingi ya zamani haina nguzo wala waya, inasimama yenyewe kama kichaka kifupi, na mmoja huzaa kidogo sana. Ukimweleza mkulima wa Porrera habari ya mavuno mawili, atakutazama kama unamtania. Mimi nilitazamwa hivyo.

Nina watoto wa miaka tisa na kumi na miwili. Tuje? – Mama, Rotterdam

Priorat, hapana. Miinuko itawachukiza baiskeli maisha yao yote. Lakini vuka Ebro uende jirani, Terra Alta, nako ni nchi ya mvinyo, hasa mweupe. Pana reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1973 ambayo sasa ni njia ya baiskeli na waendao kwa miguu. Treni haikuweza vilima vikali, kwa hiyo mteremko ni wa taratibu, na ukianzia upande wa Horta de Sant Joan kuelekea Tortosa unashuka zaidi kuliko kupanda. Beba taa kwa kila mtoto. Mahandaki ni mengi, na mengine yana giza totoro. Wako watapiga kelele humo ndani ili wasikie mwangwi, nawe utapiga pia.

Kwa nini si Rioja, ambayo kila mtu anaijua? – Msomaji, Dar

Kwa sababu kila mtu anaijua. Ni nzuri, hasa upande wa Laguardia chini ya milima ya Cantabria, lakini bonde ni pana, upepo ni mwingi na barabara zina shughuli zaidi.

Niende lini, na nifikeje? – Wengi wenu

Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti jua litakukaanga. Msimu wa mavuno, jihadhari na matrekta yenye matela: huangusha zabibu barabarani, na zabibu iliyopondwa juu ya lami huteleza kama sabuni.

Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki ataanza na viza ya Schengen. Ukishafika Barcelona, kuna treni za mkoa zinazopitia Reus hadi stesheni ya Marçà-Falset, na hupokea baiskeli bila kuifungua ikiwa nafasi ipo. Ni chache kwa siku, kwa hiyo tazama ratiba kabla hujaweka miadi na mtu. Stesheni iko bondeni, mji uko juu.

Jambo la mwisho, maduka ya vijijini hufunga mchana, kuanzia saa nane hivi hadi saa kumi na moja jioni. Maji jaza kila unapoona bomba la kijiji, ila kibao kikisema "no potable" yaache ya kunawa uso tu. Ule mkate mkavu wa Torroja nilioutaja juu? Nililifikia duka saa nane na dakika tano.